Kwaya Huchagua, Darasa Halichagui

Ukimwambia mtu wa Mwanza unakwenda Butimba, atakuuliza kwanza: chuoni au gerezani? Vyote viko huko. Mimi nilikwenda chuoni, kusomea stashahada ya ualimu, na somo langu la kufundishia lilikuwa muziki. Swali la pili, hasa kutoka kwa wajomba, lilikuwa gumu zaidi kulijibu: "Kwani kuimba nako kunasomewa?"

Ukweli ni kwamba pale hakusomewi kuimba. Darasa letu karibu zima lilitoka kwenye kwaya na kuimba tulikuwa tunakuweza. Mimi Mwanglikana wa Dodoma vijijini, tayari nikiitwa mwalimu wa kwaya. Wakatoliki walikuja na mabunda ya karatasi za nyimbo za sauti nne. Wasabato, ukiwapa wimbo jioni, asubuhi unakuta wameshagawana sauti na wanauimba bila ala hata moja. Mwenzetu mmoja tu alitoka Tanga, amelelewa kwenye maulidi na dufu. Solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi za do, re, mi, alikuwa hajawahi kuiona, lakini ukimpigia mdundo mara moja anakurudishia kama ulivyo, na hesabu haimpotei hata ukimsemesha katikati.

Mkufunzi wetu wa kwanza alikuwa mama mtu mzima, tukimwita Madam. Yeye alituita "mwalimu" kila mmoja, tangu siku hatujajua hata kuandika andalio la somo. Swali lake la kwanza halikuhusu nota. Aliuliza hivi: "Mwalimu, kwenye kwaya yako, mtu asiyeweza kuimba unamfanyaje?" Tukajibu kama tulivyozoea. Mmoja akasema anamwomba apumzike kwanza. Mwingine akasema anampa kazi ya kutunza sare. Wa tatu, mkweli kuliko wote, akasema humwambia achezeshe mdomo tu ila sauti asitoe.

Madam akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi huyo huyo ndiye serikali itakulipa mshahara kwa ajili yake. Kwaya huchagua, mwalimu. Darasa halichagui."

Kauli hiyo tulikutana nayo kila mahali mafunzoni, hata kwenye mambo tuliyodhani tunayajua. Mfano ni solfa. Sisi watu wa kwaya tulikuwa tunaisoma kwa kasi ya kutisha, na tuliihesabu kuwa mali yetu, kitu cha kumtofautisha mwanakwaya na muumini wa kawaida. Madam akatueleza ilikotoka. Katika karne ya 19, mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, alibuni njia ya kuandika sauti kwa herufi ili watoto wajifunze kwa urahisi na kanisa zima liweze kuimba, si kikundi teule peke yake. Mchungaji John Curwen akaichukua, akaifanyia marekebisho, akaitangaza kila alikofika. Wamisionari wakaja nayo Afrika, na sababu ya kuenea kwake huku ni ya kawaida kabisa: herufi d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta pacha na vistari, unaweza kuzipiga kwa taipureta, kuzikwangua kwenye stensili, au kuziandika kwa kalamu kwenye daftari la kaunta. Huhitaji karatasi yenye mistari mitano. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wote tulikuwa tumekifungia kabatini na kumkabidhi ufunguo mwalimu wa kwaya.

Curwen aliacha pia alama za mkono, ambazo baadaye mtunzi wa muziki Zoltán Kodály na wenzake wa Hungaria walizitumia sana kufundishia watoto. Hizi kwetu zilikuwa ngeni kabisa, na kama ningeulizwa leo kitu kimoja tu nilichotoka nacho chuoni kinachonisaidia kila siku ya Mungu, ningetaja hizo. Do ni ngumi iliyofungwa, usawa wa kiuno. Re, kiganja kimeinuka mshazari kama kinapanda kilima. Mi, kiganja kimelala sawasawa, kinatazama chini. Fa, kidole gumba kinaelekea chini. So, kiganja kinakutazama wewe mwenyewe, gumba juu. La, mkono umelegea kutoka kwenye kifundo. Ti, kidole cha shahada kinaelekea juu. Kisha do ya juu, ngumi ile ile, safari hii usawa wa paji la uso. Kila sauti ina kimo chake, kwa hiyo mtoto anaona sauti ikipanda kabla hajaambiwa neno "kupanda". Huandiki chochote ubaoni. Mkono wa kulia unaongoza upande wa dirishani, wa kushoto upande wa mlangoni, na darasa linaimba sauti mbili bila karatasi hata moja. Mara ya kwanza Madam alipotufanyia hivyo, sisi tulioringia makaratasi ya sauti nne tulibaki tunatazamana.

Kanuni yenyewe ni fupi: sauti kwanza, alama baadaye. Mtoto aimbe, apige, atembee na mdundo, aujue mwilini, halafu ndipo umwonyeshe unavyoandikwa. Shule zetu nyingi hufanya kinyume. Mwalimu anaanza na ubao, anachora mistari mitano na ufunguo wa soli, wanafunzi wananakili, kengele inalia, na hakuna aliyefungua kinywa. Nimeona madaftari ya muziki yaliyonakiliwa kwa mwandiko mzuri na wenyewe hawawezi kukuimbia hata nota moja ya humo.

Jambo jingine lililotuchukua muda, hasa sisi wanaume, ni mahali pa kuanzishia wimbo. Sauti ya mwanamume mzima iko oktava moja, yaani umbali wa kutoka do hadi do nyingine, chini ya sauti ya mtoto. Mwalimu akianzisha wimbo mahali panapomfaa yeye, watoto wanajaribu kumfuata huko huko chini, hawafiki, na kinachotoka ni mngurumo. Mwalimu anadhani hawajui kuimba, anawaambia waongeze sauti, nao wanapiga kelele. Hivyo ndivyo nyimbo nyingi za mstarini zinavyokwenda asubuhi, kwa sababu mwalimu wa zamu ameanzisha mahali ambapo ni besi peke yake anaweza kukaa. Tulifundishwa kuanzisha juu zaidi ya tunavyojisikia, na kama sauti ya mfano inatushinda, tumtafute mtoto mmoja mwenye sauti iliyotulia yeye aimbe, sisi tufundishe. Wengine walipuliza filimbi. Mimi nilizoea kumtumia mtoto, maana filimbi ikiwa mdomoni huwezi kuimba wala kusema, na kwenye darasa la watoto wengi huwezi kufunga mdomo kwa muda mrefu.

Kufundisha wimbo wenyewe nako kuna utaratibu. Unauimba wote mara moja, bila maelezo. Kisha kifungu kimoja, warudie. Kifungu cha pili, warudie. Unaunganisha viwili. Maneno ya kueleza maana yanakuja baadaye, au yasije kabisa. Tulipokuwa tukifundishana wenyewe kwa wenyewe darasani, wanachuo wakijifanya darasa la tatu, Madam alikaa nyuma akihesabu tunavyoongea. Ukifikisha sentensi ya tatu kabla hujaimba, anainua kalamu juu. Hapo unajua maksi zinaondoka.

Mazoezi ya kufundisha nilifanyia katika shule moja ya msingi kando ya barabara iendayo Musoma. Kwenye ratiba kipindi changu kilikuwepo, lakini walimu wenzangu walinieleza kwa upole kwamba kwa kawaida muda ule hutumika kumalizia Hisabati. Mwalimu mkuu alinipokea kwa furaha kubwa: "Afadhali umekuja, mwalimu. Mahafali ya darasa la saba yamekaribia na hatuna kwaya." Katika shule nyingi, mwalimu wa muziki ni mtu wa mgeni rasmi. Kazi yake ni kuchagua watoto ishirini na kitu wenye sauti, kuwafundisha wimbo wa kumkaribisha mgeni, kuwavalisha vizuri na kuwapanga kwa urefu. Wale mamia wanaobaki wanapiga makofi. Sisemi kwaya ya shule ni mbaya, wala sisemi UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, na mashindano yake hayana maana. Nimewahi kuona watoto wakikua kimo kwa sababu ya siku moja jukwaani. Ninachosema ni kwamba muziki ukiishia hapo, shule nzima inajifunza kwamba kuimba ni kwa waliochaguliwa, na mtoto aliyeambiwa akiwa na miaka tisa kwamba hana sauti hulibeba neno hilo mpaka anakuwa babu.

Kwaya ya mahafali niliifundisha, lakini kipindi changu nilikidai.

Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia, wanne hadi watano kwa dawati. Jirani yetu, ukuta mmoja tu katikati, darasa la sita lilikuwa na majaribio kila wiki. Siku ya kwanza tu mwalimu wao alichungulia mlangoni: "Mwalimu mwenzangu, samahani, wangu wanafanya jaribio." Nikawatoa nje, chini ya mwembe.

Kule nje ndiko nilikopata zana. Siku zile watoto walikuwa wakija na majembe kwa ajili ya shamba la shule, na Usukumani jembe si chombo cha kulimia tu. Kuna Bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo wachezaji hurusha, huzungusha na kushusha majembe kwa pamoja, chimbuko lake likiwa kulima kwa ushirika shambani. Watoto wale walikuwa wameiona tangu wanabebwa mgongoni. Nikamwomba kijana mmoja aongoze. Wakapanga mistari, jembe likashuka, na watoto mia moja walikuwa kwenye pigo moja. Sikuwa nimefundisha kitu. Nikawaambia: jembe linaposhuka, hilo ni pigo. Sasa sikilizeni maneno ya wimbo, je, yanaanguka na jembe au yanacheza katikati? Wakasikiliza tena. Binti mmoja akasema, "Mengine yanawahi, mwalimu." Yanawahi, ndiyo. Kutenganisha pigo na mdundo wa maneno ndiko kunakowatesa hata wanakwaya wazima, na binti yule alikuwa ameshafika.

Baada ya hapo nikachukua kijiti, nikachora vistari vikubwa mchangani, kimoja kwa kila jembe, na vistari vidogo juu yake kwa yale maneno yanayowahi. Hiyo ndiyo ilikuwa nota yao ya kwanza, na waliisoma bila shida kwa sababu waliijua kabla haijaandikwa.

Mkufunzi wa kunitathmini alinikuta kwenye kipindi kama hicho. Akapitia andalio la somo, akafika mahali pa zana za kufundishia, akasoma "majembe", akanitazama juu ya miwani. Akakaa kwenye jiwe mpaka mwisho. Maksi zilikuwa nzuri, ila aliandika kwamba nihakikishe usalama wa vidole vya miguu.

Mtoto ninayemkumbuka kutoka shule ile ni mvulana aliyekaa nyuma kabisa. Darasa likipanda, yeye yuko pale pale kwenye sauti moja ya chini, ananguruma kama mashine ya kusaga. Wenzake walimcheka, na mwalimu wao wa darasa alinishauri nimwache. Chuoni tulikuwa tumefundishwa cha kufanya na mtoto wa namna hiyo, nami nilikuwa na hamu ya kuona kama kinafanya kazi. Usimwite aje kwenye sauti yako. Nenda wewe kwenye yake. Baada ya kipindi nikakaa naye, nikamwambia aimbe "aa" popote anapojisikia. Akatoa ule mngurumo. Nikauimba pamoja naye, hapo hapo alipo, mpaka sauti zetu zikakaa sawa na yeye akasikia kwamba zimekaa sawa. Macho yake yalibadilika kabla ya sauti. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia sauti yake ikifanana na ya mtu mwingine. Kisha nikapanda hatua moja, ndogo. Akafuata. Tukarudi. Tukapanda mbili.

Hakuwa na ubovu wa sikio. Alikuwa hajawahi kuitafuta sauti yake ya juu, ile anayoitumia bila kufikiri akimwita mama yake kutoka ng'ambo ya shamba. Nikamwambia amwite. Akaita, silabi ya kwanza juu, ya pili imeshuka kidogo, na hiyo ni so na mi kamili, hatua ambayo walimu wanaofuata njia ya Kodály huanza nayo. Tukaanzia hapo. Mpaka naondoka bado alikuwa akipotea wimbo ukiwa mrefu, lakini hakuwa tena kwenye sauti moja, na kucheka kulikwisha.

Kuna jambo moja ambalo mafunzo hayakulimaliza, na sidhani chuo chochote kinaweza kulimaliza. Mimi ni Mgogo. Bibi yangu alikuwa akipiga muheme, ile ngoma wanawake wa kwetu huibana mapajani, na nyumbani sauti za kupokezana zinajipanga zenyewe bila mtu kusema wewe sauti ya pili, wewe ya tatu. Pale chuoni nilijaribu kuweka wimbo wake mmoja kwenye kinanda. Ukakataa. Sauti moja ilikuwa haipo kabisa: kibonye hiki kiko juu mno, cha jirani yake kiko chini mno.

Madam alinionyesha kwa nini. Ndani ya kila sauti, iwe ya waya wa zeze au ya koo, kuna sauti nyingine nyembamba zinazopanda kwa mpangilio wa maumbile. Wataalamu waliouchunguza muziki wa Wagogo wameeleza kwamba ngazi yetu ya sauti imejengwa juu ya zile, kuanzia ya 4 hadi ya 9 hivi. Ukiandika kwa solfa utapata d, m, s, kisha ta, yaani ti iliyoshushwa, kisha d na r za juu. Ila hiyo ta, ambayo ni ya 7, iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Bibi hakuwa nje ya sauti. Kinanda ndicho kilichokuwa kimepangwa kwa kipimo kingine. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, aliipeleka ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze kwenye majukwaa ya dunia na sauti hiyo hiyo, na wasikilizaji wa Ulaya walinunua tiketi kuisikiliza.

Sasa mwalimu wa muziki anayepangiwa shule ya Ugogoni afanye nini? Akifundisha ngazi ya do re mi kama msahafu, atatumia mwaka mzima "kuwasahihisha" watoto walio sahihi. Mwenzetu wa Tanga alisema kwao ni hivyo hivyo, kwenye taarabu na kasida kuna sauti zinazokaa katikati ya vibonye, na mtoto wa madrasa anazifikia bila kusita. Msimamo wangu, na si wote tuliosoma pamoja wanaokubaliana nami, ni kwamba nyimbo za namna hiyo zifundishwe kwa sikio na zisipitishwe kwenye kinanda kabisa. Solfa itumike kwa nyimbo zilizozaliwa nayo. Mtoto anaweza kuwa na vipimo viwili kichwani, kama anavyoweza kuwa na Kigogo na Kiswahili bila kuvichanganya.

Ajira ilipotoka, barua ya kupangiwa kituo haikutaja muziki. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka kadhaa, nikiingiza nyimbo kwenye ushairi na methali, nikipiga makofi kwenye silabi. Wengi tuliosoma pamoja wana hadithi hiyo hiyo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika 2024, umeleta somo la Sanaa na Michezo kwenye shule za msingi, na kwa mara ya kwanza jina langu limeandikwa kwenye ratiba mbele ya kipindi chenye muziki ndani yake. Muziki humo unagawana nafasi na uchoraji, maigizo na mpira, na walimu wengi waliopewa somo hilo hawakusomea hata kimoja kati ya hivyo. Wananipigia simu jioni. Nawaambia waanze na pigo, wapandishe wimbo juu kidogo, waache kuandika ubaoni kwa mwezi mzima. Alama za mkono nawarekodia video fupi.

Mwaka huu kwaya ya mahafali ni darasa la sita zima, pamoja na wanaopotea. Mwalimu wa taaluma anasema jukwaa halitawatosha. Nimemwambia wataimba wamesimama chini, na jukwaani wakae wageni.